Wifi Yangu Hakufukuzwa Kazi

Wifi yangu hakufukuzwa kazi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloshonwa kila siku kwa fundi cherehani wa pale kona, pamoja na magauni ya watu. Hakufukuzwa, hakupokea chochote kutoka kwa mama wa yule mtoto, hakurukwa na akili, na mimi sikumtoa katika nyumba ya marehemu kaka yake. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Wahenga walisema mengi, ila hawakuwahi kukaa kibarazani kwa fundi huyu.

Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote ya kazi, na nilistaafu nikiwa mwalimu mkuu. Najua habari inavyotoka darasa la kwanza ikiwa kikohozi na kufika darasa la mwisho ikiwa msiba. Kwa hiyo nilinyamaza, nikidhani na hii itachoka njiani. Haikuchoka. Juzi mjukuu wa jirani aliniuliza, kwa upole kabisa na mikono nyuma, kama ni kweli shangazi wa nyumba hii aliua mtoto. Yeye hana kosa, amesikia kwao. Lakini jina la nyumba likishafika kwenye kinywa cha mtoto, halina tena wa kulitetea isipokuwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba aliyebaki ni mimi.

Wifi yangu ni kitinda mimba kwao. Nilipoolewa alikuwa bado anavaa sare za shule. Asubuhi ya kwanza alinikuta nakunja mashuka, akasimama mlangoni akanitazama, kisha akawaambia wenzake kwamba kaka ameleta mwalimu wa zamu. Nikamwambia mwalimu wa zamu ameziona soksi zake. Tangu siku hiyo utani wetu haukukatika. Mume wangu alikuwa akisema kwamba akitaka kujua kama kuna amani nyumbani, husikiliza kama sisi wawili tunatukanana.

Alisoma, akaajiriwa kuwa afisa ustawi wa jamii, upande wa watoto. Asiyejua kazi hiyo ajue: habari ikifika kwamba mtoto fulani hatunzwi, au anapigwa kupita kiasi, afisa huenda nyumbani kwao akaangalie. Haendi na bunduki. Anakwenda na miguu yake na ulimi wake, na mwenye nyumba anaweza kumfungia mlango. Ni kazi ya kubisha hodi kwa watu wasiokutaka. Aliposwa mara moja akakataa. Sababu anazo mwenyewe, na fundi cherehani hazihusu.

Mume wangu alipofariki, ndugu walikaa mpaka matanga yakaisha, kila mmoja akarudi kwake. Tukabaki wawili katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya watu wengi. Jioni nilikuwa nasikia viatu vyake vikianguka pale mlangoni, kimoja halafu kingine, na sauti: "Mwalimu wa zamu, leo kuna chakula au kuna mtihani?" Sikujua wakati ule kwamba sauti hiyo ndiyo iliyokuwa ikiishikilia nyumba.

Jambo moja lazima lieleweke, maana kisa chote kimo ndani yake. Marehemu mama mkwe wangu alilea watoto wenye adabu, na mtaa mzima ulimsifu kwa hilo. Aliwafundisha kwamba mgeni huishia sebuleni. Hachungulii vyumba, hafunui sufuria, hapazi sauti, na hamwamshi mtoto wa watu aliyelala. Wifi yangu alikua hivyo, akazeeka hivyo, akaenda kazini hivyo.

Sasa nije kwa yule mtoto.

Alikuwa binti mdogo, wa umri wa chekechea, akikaa na mama yake na mwanamume wa mama yake katika vyumba vya kupanga. Majirani walimpa jina la Kasuku kwa kuwa alikuwa akiongea kutwa nzima, na mtu, na kuku, na ndoo tupu. Kisha majirani wakagundua kwamba hawamsikii. Mmoja akamwambia muuguzi wa zahanati. Muuguzi naye alikuwa ameona kwamba mtoto haletwi tena kupimwa uzito, kwa hiyo akaenda. Mama akampokea vizuri, akamfutia kiti, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mtoto amelala, ndiyo kwanza homa imempungua. Muuguzi akashukuru, akaaga, akaarifu ofisi ya ustawi kwamba amefika.

Wifi yangu akaenda. Kiti kile kile, sauti ile ile, maneno yale yale. Aliniambia baadaye kwamba hata yeye alishusha sauti, na wakati wa kutoka alitembea kwa ncha za vidole ili asimsumbue mgonjwa. Akamwarifu mwalimu wa chekechea alikokuwa akisoma mtoto kwamba yeye na muuguzi wote wameshafika. Mwalimu naye akapita siku nyingine, akaambiwa mtoto amelala, akaacha salamu.

Baada ya hapo kila ofisi ilitulia. Muuguzi alitulia kwa kuwa ustawi wamefika, ustawi wakatulia kwa kuwa muuguzi ni mtu wa tiba na angejua, na shule ikatulia kwa kuwa wakubwa wa mambo hayo wote wawili wamo. Kila mmoja alijua mwenzake amefika. Hakuna aliyejua kwamba hakuna aliyemwona mtoto.

Alikutwa amekufa katika chumba cha nyuma. Kilichomuua sikiandiki. Mahakama ilikisikia, na mama yule na mwanamume wake wako mahali mahakama ilipowapeleka.

Watu wengi wanadhani mambo huishia mahakamani. Hayaishii huko. Mtoto akifa namna hiyo, na ofisi zilikuwa zinamjua, ofisi hizo zote huitwa kwenye kikao. Kikao hicho hakitafuti wa kumfunga. Kinauliza swali moja tu: ilikuwaje watu wote hawa wakapita mlango ule wasione, na kifanyike nini ili mtoto mwingine asipotee kwa njia hiyo hiyo. Ndiyo maana kuna utaratibu wa kutotaja majina. Mtu anaitwa kwa kazi yake: muuguzi, mwalimu, afisa. Mwenyekiti huletwa kutoka nje, na safari hii aliletwa mama mmoja hakimu mstaafu.

Siku chache kabla ya kikao alikuja shemeji yangu mkubwa, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Ana duka la vifaa vya ujenzi, na huzungumza kama mtu anayepima mbao. Alikaa kwenye kiti cha marehemu mdogo wake bila kuulizwa. Alikuwa amesikia kwamba ofisi nyingine zitasema mtoto alitembelewa, basi, na hilo si uongo.

"Mdogo wangu, ulikwenda, hukwenda?"

"Nilikwenda, kaka."

"Basi sema ulikwenda, ukae."

"Na wakiniuliza kama nilimwona?"

"Nani atauliza? Wote wanaliogopa swali hilo hilo."

Mimi niliona shemeji ana hoja, na mpaka leo naona alikuwa nayo. Hakumwambia aseme uongo. Nilimwambia wifi kwamba jina la nyumba hii limejengwa kwa miaka mingi na watu waliokwishatangulia mbele ya haki, na kwamba kilichotokea mlangoni kwa yule mama kilikuwa adabu, hakikuwa uzembe. Atakayesikia ametaja kosa hatasikia adabu, atasikia kosa.

Alinijibu taratibu, bila utani. "Jina la nyumba hii halijawahi kulala na njaa, wifi."

Shemeji akainuka akaomba maji ya kunywa. Mazungumzo yaliishia hapo.

Yaliyotokea kikaoni nimeyapata kwake, na hana tabia ya kutia chumvi. Palikuwa na meza ndefu, chupa za maji, na feni inayogeuza shingo kutoka upande huu kwenda ule kama mtu anayefuatilia ugomvi. Kila ofisi ilieleza ilichofanya. Muuguzi alisema mazingira ya nyumbani yalikuwa shwari. Mwalimu alisema mama alionyesha ushirikiano. Ndipo yule hakimu mstaafu akavua miwani, akasema ameshasikia walichofanya, sasa angependa kusikia walichokiona kwa macho yao.

Zamu ikafika kwa wifi yangu kwanza, kwa jinsi walivyokaa.

"Niliona kiti," alisema. "Nilimwona mama, ana maneno mazuri. Mtoto sikumwona. Niliambiwa amelala, nikaona haya kumwamsha."

Mwenyekiti akawatazama wengine, akauliza kama kuna yeyote aliyemwona. Muuguzi alikuwa akifungua na kufunga kifuniko cha chupa yake ya maji. Huyo muuguzi, afadhali niseme, alikuwa rafiki wa wifi yangu wa chanda na pete. Walikuwa wakila mchana kutoka chombo kimoja, huyu akipika leo na yule kesho, na nyumbani kwangu alikuwa akiingia bila kubisha.

"Nilimwachia nafasi," wifi aliniambia jioni ile, viatu bado viko miguuni. "Nilinyamaza makusudi, wifi, ili aingie. Nikamsubiri. Hakuingia."

Simhukumu muuguzi. Ana watoto wanaomtegemea. Lakini chombo cha chakula ni chetu, na hajakirudisha.

Taarifa ya kikao ilitoka, na kwa kweli ilikuwa taarifa nzuri. Nimeisoma mwenyewe, na mimi si mtu wa kusifu maandishi ya watu ovyo. Ilisema afisa yeyote atakayefika nyumbani kwa mtoto anayehofiwa amwone akiwa macho, azungumze naye, aone na mahali anapolala. Akiambiwa mtoto amelala, asubiri au aombe aamshwe, na akikataliwa asiondoke bila kuwaita wenzake. Tena ofisi isiiambie ofisi nyingine kwamba imefika bila kusema imemwona nani. Kanuni hizo zinafuatwa mpaka leo. Zimetoka katika kinywa cha wifi yangu, hazikutoka kwa mtu mwingine, kwa sababu hakuna mwingine aliyesema neno la kufunza chochote.

Hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo wale wataalamu wenyewe hawakulitambua. Waliondoa majina yote, kama utaratibu unavyotaka. Lakini katika watu wote wa ile meza, aliyesema kitu cha kukumbukwa alikuwa mmoja.

Waliitisha mafunzo katika ukumbi kwa ofisi zote. Nilialikwa kama mjumbe wa bodi ya shule. Mkufunzi alikuwa mtu wa makamo, mchangamfu, mwenye nia njema. Alisema, "Afisa mmoja alikuwa na ujasiri wa kukiri kwamba hakumwona mtoto." Akanyamaza kidogo ili tulitafakari. Ukumbi haukutafakari. Uligeuka. Shingo kwa shingo, safu kwa safu, mpaka wote wakawa wanamtazama wifi yangu, naye akawa anatazama mbele kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Wakati wa chai watu walisimama makundi makundi. Yeye alisimama peke yake dirishani, kikombe mkononi. Nilivuka ukumbi nikaenda kusimama naye.

"Mwalimu wa zamu, rudi kwa wenzako," akasema. "Usije ukachapwa na wewe."

"Hakutaja jina," nilimwambia.

"Hakuwa na haja."

Tulikunywa chai tukitazama nje, ambako hakukuwa na kitu isipokuwa magari yaliyoegeshwa.

Aliendelea na kazi, tena sasa akifuata kanuni neno kwa neno. Lakini habari zilikuwa zimemtangulia kila uchochoro. Walimbandika jina, Mama Amelala. Akionekana, wanawake waliwaambia watoto waingie ndani. Nyumba moja mwanamke alimjibu kupitia upenyo wa mlango, "Wewe tena? Wewe nenda ukalale kwako." Mtu anayekufungia mlango hakuonyeshi mtoto, na afisa asiyeonyeshwa mtoto hana kazi. Mkuu wake wa ofisi si mtu mbaya. Alimwambia apumzike kidogo, akampa meza mwisho wa korido, kazi yake ikawa kutunza funguo za magari ya ofisi. Wenzake walikuja, wakachukua funguo, wakaenda kuwaona watoto kwa kanuni yake. Jioni wakarudisha. Yule muuguzi akipita kwa shughuli zake aliusalimia ukuta.

Hii ndiyo inayoitwa kufukuzwa kazi kwa fundi cherehani.

Nyumbani hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alipunguza maneno tu, siku hadi siku, kama mtu anayepunguza sukari. Viatu alikuwa anavivua kwa mkono na kuvipanga. Nilimchokoza. Nilimwambia kanga yake imetoboka kama hoja za kaka yake. Alitabasamu kwa heshima, akasema ni kweli. Wifi asiyekujibu utani ni mgeni, na mgeni katika nyumba yako mwenyewe anachosha moyo. Tulikaa sebuleni mimi na yeye, kila mtu na ukimya wake, na nilikuwa namkumbuka hali ameketi mbele yangu.

Shemeji alikuja tena, akamwambia aachane na kazi isiyo na shukrani, aende akakae dukani kwake. Alimshukuru, akakataa. Kisha akatueleza, mimi na kaka yake, jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba muda mrefu.

"Nikibaki hapa, kile tulichojifunza kwa yule mtoto kitafanywa na kila mtu isipokuwa mimi. Sasa mimi nimejifunza nini?"

Alikuwa ameomba uhamisho. Alitaka kupelekwa mahali ambapo hakuna anayemjua, akabishe hodi kama afisa yeyote. Mkuu wake alimwelewa. Alikubali kwamba sifa za kazi yake zitakwenda naye na kile kisa kitabaki huku, kwa kuwa taarifa yenyewe haikutaja jina la mtu, na yeye hakuona kwa nini alitaje. Shemeji alitaka tufanye hafla ya kumuaga, watu waje waone kwamba anaondoka kwa heshima. Wifi alisema wanaotaka kuona wameshaona vya kutosha.

Aliondoka asubuhi moja na gari la ofisi. Nilimfungia mzigo mwenyewe, maana hajui kukunja nguo mpaka leo. Mlangoni aliniuliza nitawaambiaje watu wakitaka kujua yuko wapi. Nikamjibu nitawaambia yuko kazini.

"Kazini wapi?"

"Hapo kengele imelia, kila mtu aende kwao."

Alicheka. Kicheko kile cha zamani, chenye mkwaruzo. Nilikuwa sijakisikia kwa muda mrefu kiasi kwamba nilishika fremu ya mlango. Gari likakata kona, nikaingia ndani, nikakuta nyumba ni kubwa kuliko nilivyoiacha.

Sijambo, kwa wanaouliza. Nina afya, nina pensheni, nina redio. Mtangazaji akikosea lugha namsahihisha kwa sauti, na hanijibu, lakini hata wanafunzi wengine walikuwa hivyo. Wasemao kwamba nilimfukuza wifi ili nibaki na nyumba, waje wakae humu Jumapili moja mchana waniambie nimebaki na nini.

Hupiga simu. Si mara nyingi, na akipiga haongei mengi kuhusu kazi, maana mambo ya watu ni siri. Lakini siku moja alinieleza hili, bila majina. Alifika nyumba fulani, akafutiwa kiti, akaambiwa kwa sauti ya chini kwamba mtoto amelala. Akakaa. Akasema hana haraka, atasubiri. Mama yule akapiga kelele za vyombo, akafagia mpaka miguuni pake, akamwambia mtoto huyu hulala sana. Akasema hata yeye alipokuwa mdogo alilala sana, akaendelea kukaa. Aliona haya, aliniambia. Haya ziko pale pale, hazijaondoka, ila sasa amejifunza kukaa nazo. Mwishowe mtoto akatoka chumbani mwenyewe, akifikicha macho, mzima, na kitu cha kwanza alichomuuliza ni kama amekuja na pipi.

"Ukamwambia nini?" nilimuuliza.

"Nilimwambia sina. Akaninunia, wifi. Alininunia kweli kweli." Kisha nikasikia anapumua, sikumharakisha.

Siku za karibuni amenipigia yule mkufunzi mchangamfu. Wanaandaa mafunzo makubwa kuliko yale, na wanamtafuta wifi yangu aje asimame mbele ya maafisa wapya asimulie kwa kinywa chake. Ofisi haikumpa anwani, akaona anijaribu mimi. Nilimwambia hapana. Akasema ni kwa ajili ya watoto. Nilimwambia watoto wanaye, huko aliko, na akija kusimama kwenye jukwaa lako watampoteza, maana picha husafiri. Akaniomba angalau nimtajie eneo tu. Nikamtakia mchana mwema.

Baada ya haya kusomwa najua watakuja wengine, kwa upole, mikono nyuma, kuniuliza yuko mji gani, ofisi gani, na wale watoto anaowaona sasa ni wa nani. Wasije. Mlango nitafungua, kiti nitatoa, lakini hilo silisemi: si kwa mkufunzi, si kwa shemeji, si kwa mtu yeyote. Nimesema nililotaka kusema, na zaidi ya hapo sisemi.